Ndege Nyuki na Jamii Zinazoishi Chini Yake: Ufafanuzi kwa Kurejelea Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoani Kagera

Ikisiri

Makala haya yanafafanua matumizi ya ndege nyuki katika jamii kwa kurejelea wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Nyanja nne zimepitiwa: usafirishaji wa damu na dawa, kilimo cha migomba na kahawa, ulinzi wa mashamba dhidi ya wanyamapori, na sheria pamoja na faragha. Hoja kuu ni kwamba chombo hiki hakiamui chenyewe kama kitaleta nafuu au madhara. Kinachoamua ni mpangilio wa watu na taasisi zilizo ardhini, yaani nani anayeagiza safari, nani anayepokea kilicholetwa, na nani anayebaki na picha baada ya ndege kutua. Mifano ya kulinganisha imechukuliwa kutoka Rwanda, Ukerewe, Zanzibar na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

1.0 Utangulizi

Karagwe na Kyerwa ni wilaya mbili za kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja iliyoitwa Karagwe. Upande wa magharibi Mto Kagera unazitenga na Rwanda, na Kyerwa inapakana pia na Uganda katika eneo la Murongo. Ardhi ya wilaya hizi ni ya milima iliyojipanga kwa safu zinazoelekea takribani kaskazini na kusini, na kati ya safu hizo kuna mabonde mapana, baadhi yake yakiwa na maji na matete. Mtu aliyesimama kwenye mgongo wa safu moja huweza kuziona nyumba za safu ya pili kwa macho, lakini ili azifikie hana budi kushuka bondeni, kuzunguka na kupanda tena. Katika majira mawili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, mzunguko huo huwa mgumu zaidi.

Umbo hilo la ardhi ndilo linaloifanya ndege nyuki ionekane kuwa jibu la moja kwa moja, kwa kuwa njia ya angani haijui bonde wala tope. Hata hivyo, mijadala mingi kuhusu chombo hiki huanzia kwenye chombo na kuishia hapo hapo: uzito wake, kasi yake na bei yake. Mjadala wa namna hiyo hausemi lolote kuhusu mkulima ambaye shamba lake limepigwa picha, wala kuhusu mganga wa zahanati anayesubiri mfuko wa damu. Makala haya yanaanza na watu hao, kisha yanakipima chombo kwa mahitaji yao.

2.0 Dhana ya Ndege Nyuki

Katika matumizi ya Kiswahili cha sasa yanasikika majina matatu: droni, ndege nyuki, na ndege isiyo na rubani. Kila jina lina historia na mtazamo wake. Jina la kwanza ni la mkopo kutoka Kiingereza, ambako neno hilo asili yake ni dume la nyuki. Uhusiano wa nyuki na vyombo hivi unarudi nyuma hadi mwaka 1935, Uingereza ilipotengeneza ndege ya kulengwa shabaha iliyoongozwa kwa redio na kupewa jina la Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Jina la pili limeichukua sauti ya mvumo wa chombo na kuifanya picha ambayo msemaji wa Kiswahili anaielewa bila kufafanuliwa. Inafaa kukumbuka kwamba nyuki, kwa mfugaji wa mizinga, ni mdudu wa asali na wa mwiba kwa wakati mmoja.

Jina la tatu ndilo linalohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu linasema jambo ambalo si kweli. Rubani yupo, ila hayumo ndani ya ndege. Yuko ardhini akiwa na kidhibiti mkononi, au amekwisha kuipangia ndege njia katika programu ya kompyuta kabla haijaruka. Ndiyo maana kanuni za usafiri wa anga hupendelea kuzungumzia ndege inayoongozwa kutoka mbali. Tofauti hii si ya maneno tu. Jamii inapoambiwa kwamba ndege haina rubani, ni rahisi kudhani pia kwamba haina mwenyewe, na kwamba likitokea jambo hakuna wa kuulizwa.

Kiufundi, ndege nyuki za kiraia ziko katika makundi mawili makubwa. Zipo zenye rafadha kadhaa, ambazo hupaa wima na kuweza kusimama angani mahali pamoja, lakini betri ya zile ndogo kwa kawaida hudumu chini ya nusu saa. Zipo pia zenye mabawa kama eropleni, ambazo haziwezi kusimama angani lakini husafiri mbali zaidi kwa nishati ile ile. Aina zilizochanganya sifa hizo mbili hupaa wima kisha huruka kwa mabawa. Uchaguzi wa aina hutegemea kazi: kukagua kibanja kimoja na kupeleka dawa katika safu ya tatu ya milima ni kazi mbili tofauti.

3.0 Usafirishaji wa Damu na Dawa

Mfano ulio karibu zaidi na Karagwe na Kyerwa uko ng'ambo ya Mto Kagera. Rwanda ilianza kusambaza damu kwa ndege nyuki mwezi Oktoba 2016 kutoka kituo cha Muhanga, kwa mkataba kati ya serikali na kampuni ya Zipline. Mwishoni mwa mwaka 2018 kituo cha pili kilifunguliwa Kayonza, katika Jimbo la Mashariki, wilaya ambayo mpaka wake wa mashariki ni mto huo huo. Ndege zinazotumika ni za mabawa. Hurushwa kwa mtambo wa manati, hubeba mzigo usiozidi kilo 2, na huudondosha kwa mwavuli katika uwanja wa hospitali bila kutua.

Utafiti wa Nisingizwe na wenzake (2022), uliochapishwa katika jarida la The Lancet Global Health, ulichunguza maagizo 12,733 ya mazao ya damu yaliyopelekwa kwa ndege nyuki nchini Rwanda kati ya mwaka 2017 na 2019. Ulibaini kwamba damu ilifika mapema kuliko kwa barabara kwa wastani wa dakika 79 hadi 98, kutegemea njia iliyotumika kukadiria muda wa barabara. Ulibaini pia kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 baada ya miezi 12.

Matokeo hayo ya pili yanastahili kuzingatiwa kuliko kasi yenyewe. Chembe nyekundu za damu huhifadhiwa kwenye jokofu kwa wiki chache, na chembe sahani hudumu siku 5 hivi tu. Hospitali ya pembezoni, ikiwa haina uhakika wa kupata damu kwa haraka, hulazimika kuweka akiba ya kila kundi, na sehemu ya akiba hiyo humwagwa kabla haijatumika. Hospitali yenye uhakika wa kuletewa huagiza inachohitaji kwa wakati inapokihitaji. Kwa hiyo ndege iliokoa damu kwa kubadili utaratibu wa kuagiza na kuhifadhi, na utaratibu huo ulikuwa na mizizi ardhini: benki ya damu ya taifa, muuguzi mwenye simu anayetambulika kuwa ndiye mwagizaji, na serikali iliyokubali kulipa gharama za kila safari.

Tanzania nayo ina uzoefu wake. Mwezi Agosti 2017 ulitangazwa mpango wa serikali na Zipline wa kupeleka damu na dawa kwa ndege nyuki kuanzia Dodoma mwaka uliofuata, lakini safari hazikuanza katika muda uliotangazwa. Mwaka 2018 majaribio ya mradi ulioitwa Deliver Future, yaliyoendeshwa na DHL, GIZ na kampuni ya Wingcopter, yalipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Ndege iliruka takribani kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa wastani wa dakika 40, ilhali njia ya nchi kavu ni kilomita 240 na huchukua saa 6 hivi. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba chombo kinaweza. Halikukusudiwa kuthibitisha kwamba mfumo wa afya wa wilaya unaweza kukibeba chombo hicho mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo jaribio na huduma hutofautiana.

Kwa Karagwe na Kyerwa, damu salama hutegemea mtandao wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha Kanda ya Ziwa kiko Mwanza. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua katika zahanati iliyo mbali na hospitali, kama vile ile ya Nyakahanga, hana saa nyingi za kusubiri. Ndege nyuki inaweza kuufupisha muda huo endapo tu mambo matatu yatakuwepo kwanza: damu iliyopimwa na kuhifadhiwa mahali palipo ndani ya uwezo wa ndege kufika, mtumishi wa kituo cha afya mwenye mamlaka ya kuagiza usiku na mchana bila kupitia ngazi nyingi, na mtumishi mwenye ujuzi wa kumwongezea mgonjwa damu hiyo ikifika. Likikosekana la tatu, ndege itakuwa imeharakisha kufika kwa kitu ambacho hakuna wa kukitumia.

4.0 Kibanja Kinavyoonekana Kutoka Angani

Uchumi wa kaya nyingi za Karagwe na Kyerwa umejengwa juu ya kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, kahawa na maharage hupandwa kwa kuchanganywa. Migomba huwa juu, buni chini ya kivuli chake, na maharage chini zaidi. Mpangilio huu, ambao kwa mkulima ni hekima ya kuhifadhi unyevu na kugawanya hasara, kwa kamera iliyo angani ni fumbo. Picha huonesha majani ya migomba, huonesha buni kwa vipande, na kwa sehemu kubwa haioneshi maharage kabisa.

Upigaji picha wa kilimo hufanyika kwa kuirusha ndege katika mistari sambamba, kila picha ikifunika sehemu kubwa ya eneo la picha iliyotangulia, kisha programu huziunganisha zote kuwa ramani moja. Alama moja ndogo ya picha ya ndege nyuki huwakilisha sentimita chache za ardhi, ilhali ile ya setilaiti ya bure ya Sentinel-2 huwakilisha mita 10 katika ubora wake wa juu. Kamera maalumu hunasa pia miale ya infraredi isiyoonekana kwa jicho la binadamu. Jani lenye afya huakisi miale hiyo kwa wingi, na likipata dhiki ya maji au ugonjwa huakisi kidogo. Ramani inayopatikana huweza kuonesha sehemu ya shamba yenye dhiki kabla mpita njia hajaitambua.

Ugonjwa unaoufanya uwezo huo kuwa muhimu ni mnyauko bakteria wa migomba. Ugonjwa huu uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umethibitishwa mkoani Kagera. Majani huwa ya manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, na kwa panga lililotumika kukata mgomba mgonjwa kisha likaukata ulio mzima. Selvaraj na wenzake (2020) walichanganya picha za setilaiti na za ndege nyuki kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Benin, wakaonesha kwamba kompyuta iliyofunzwa inaweza kuitambua migomba katika mashamba mchanganyiko na kubaini iliyoathiriwa na magonjwa makubwa, mnyauko ukiwa mmojawapo.

Hata hivyo, upo mpaka wa kile ambacho picha inaweza kufanya. Mgomba unaweza kubeba vimelea kwa muda bila kuonesha dalili yoyote, kwa hiyo ramani ya leo ni ramani ya maambukizi ya siku zilizopita. Tiba nayo haitoki angani. Udhibiti unaofahamika ni kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapokwisha kutokeza, kulipitisha panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kuling'oa au kulikata shina lililoambukizwa. Kazi zote hizo ni za mikono, na hufaa zikifanywa na majirani wote kwa pamoja, kwa kuwa nyuki na wadudu wengine hawatambui mpaka wa kibanja. Ramani ya ndege nyuki ina thamani pale inapomwonesha afisa ugani vibanja vya kuanza kuvitembelea, hasa kwa kuwa afisa mmoja hulazimika kuhudumia kaya nyingi zilizotawanyika milimani. Ikibaki katika kompyuta ya mradi, mgomba hauponi.

Kahawa inaleta suala la pili, lenye uzito wa kijamii. Katika wilaya hizi kuna biashara inayojulikana kwa jina la butura, ambapo mkulima mwenye shida ya fedha humuuzia mnunuzi kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa ua, kwa bei ya chini. Biashara hiyo imepigwa marufuku, lakini shida inayoizaa haijapigwa marufuku. Picha inayokadiria mavuno miezi kadhaa kabla ya msimu inaweza kumpa mkulima na chama chake cha ushirika nguvu ya kujadili mkopo na bei. Picha hiyo hiyo, ikiangukia mikononi mwa mnunuzi wa butura peke yake, itamwezesha kujua thamani ya mti kuliko mwenye mti. Chombo ni kimoja na picha ni moja. Kinachobadilika ni nani aliyeiona kwanza.

5.0 Ulinzi wa Mashamba Dhidi ya Wanyamapori

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Rumanyika-Orugundu na Ibanda yalipandishwa hadhi na kuwa hifadhi za taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, ujirani huo una faida zake na gharama zake, na gharama kubwa ni mazao kuliwa na wakulima kukesha wakilinda.

Hahn na wenzake (2017) walieleza katika jarida la Oryx jinsi askari wa wanyamapori walivyotumia ndege nyuki kuwafukuza tembo kutoka mashambani katika maeneo ya Tarangire na Serengeti. Tembo waliondoka, na askari waliweza kuwaongoza kutoka umbali ulio salama. Matokeo hayo yanaendana na yale ya King na wenzake (2007), walioonesha nchini Kenya kwamba tembo hukimbia wanaposikia sauti ya nyuki waliochokozwa. Hapa jina la Kiswahili la chombo linakutana na hofu ya kweli ya mnyama.

Funzo kwa Karagwe na Kyerwa haliko katika sauti hiyo pekee. Katika mfano huo ndege ilikuwa mikononi mwa askari waliofunzwa na waliokuwa wanafikika mkulima anapowaita. Chombo kinachohifadhiwa makao makuu na kuletwa asubuhi baada ya mazao kuliwa usiku hakina tofauti na kutokuwepo. Swali la kwanza la mradi wa namna hii, kwa hiyo, ni umbali kati ya betri iliyochajiwa na shamba, na simu ya mkulima inapokelewa na nani.

6.0 Sheria, Mpaka na Faragha

Nchini Tanzania urushaji wa ndege nyuki husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na kanuni zake. Mrushaji huhitaji kibali, na ndani ya hifadhi za taifa huhitaji pia idhini ya mamlaka ya hifadhi. Katika wilaya za mpakani masharti haya yana sababu ya ziada. Mkoa wa Kagera ndio ulioingiliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na vita vilivyofuata viliacha kumbukumbu ambayo bado inasimuliwa. Chombo kisichotambulika kinachovuma juu ya Murongo au ukingo wa Mto Kagera hakiwezi kuchukuliwa na wakazi kuwa kitu cha kuchezea, na mashaka yao si ya ujinga.

Suala la faragha ni jipya zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu dhidi ya ukusanyaji holela wa taarifa zinazomtambulisha. Katika kibanja, nyumba na shamba ni kitu kimoja. Ndege inayopiga picha migomba hupiga pia ua wa nyuma, choo, kaburi la familia, watoto wanaocheza na mimea ya mpaka ambayo majirani wameitambua kwa vizazi. Picha iliyopigwa kwa nia ya kutafuta ugonjwa inaweza kesho kutumika kama ushahidi katika mgogoro wa ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Kwa mantiki hiyo, kibali kutoka Dar es Salaam hakitoshi. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuelezwa, kwa Kiswahili na pale inapobidi kwa Kinyambo, ndege inatafuta nini, picha zitakaa wapi, na nani hataruhusiwa kuziona.

Zanzibar inatoa mfano wa njia tofauti. Mradi wa kuchora ramani ya visiwa hivyo, ulioanza mwaka 2016 kwa ushirikiano wa Kamisheni ya Ardhi, COSTECH, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, uliwafunza wanafunzi wa chuo hicho kurusha ndege na kuchakata picha, na ujuzi ukabaki visiwani. Watu waliopigwa picha waliweza kumwona rubani, na rubani alizungumza lugha yao.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba katika Karagwe na Kyerwa ndege nyuki ina nafasi ya kweli katika afya, kilimo na ulinzi wa mashamba, na kwamba katika kila nyanja nafasi hiyo hufungwa au hufunguliwa na mpangilio ulio ardhini. Mfano wa Rwanda umeonesha kwamba ndege hufaulu ikiwa sehemu ya utaratibu wa kuagiza na kuhifadhi damu. Mfano wa migomba umeonesha kwamba ndege huona, lakini mkono wa mkulima ndio unaotibu. Butura na mipaka ya vibanja vimeonesha kwamba picha ni mali, na kila mali huhitaji kuwa na mwenyewe anayejulikana.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kila mradi wa ndege nyuki katika wilaya hizi upimwe kwa maswali matatu kabla ya kupimwa kwa ubora wa chombo: Ni nani katika jamii mwenye mamlaka ya kuiita ndege? Ni nani aliyeandaliwa kukitumia kile inachokileta? Na ni nani atakayebaki na picha zake? Mradi usio na majibu ya majina na vyeo kwa maswali hayo haujawa tayari kuruka, hata kama betri imejaa na kibali kimetoka. Rubani yupo, na jamii ina haki ya kumjua.